Old School RuneScape kwenye simu: gemu la Uingereza linalovumilia mtandao wa Dar

Kati ya Dar es Salaam na London kuna kilomita zipatazo 7,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungepita njia ya mkato, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 75. Nyaya zenyewe hazipiti njia ya mkato. Zinazama baharini, zinapanda kaskazini hadi Bahari ya Shamu, zinakatiza Misri, zinavuka Mediterania. Ndiyo maana ping, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi, ya kutoka hapa kwenda seva za Ulaya kwa kawaida hucheza kati ya milisekunde 150 na 200 hata siku ambayo mtandao umetulia, na hakuna bando wala simu ya bei kubwa itakayoishusha sana. Anayetaka kuingia kwenye gemu la ng'ambo la kukuza mhusika, lile ambalo maelfu ya watu wanaishi kwenye ramani moja kwa wakati mmoja, aanze kwa kuuliza kama gemu lenyewe linaweza kuvumilia umbali huo.

Old School RuneScape linavumilia. Seva yake haihesabu matendo papo kwa papo, inahesabu kwa mapigo, na kila pigo ni sekunde 0.6. Ukigusa mti ili uukate, au ukigusa adui ili umpige, amri yako inasubiri pigo linalofuata ndipo itekelezwe. Ping ya 180 inaenea ndani ya pigo moja na nafasi inabaki. Mchezaji wa Manchester mwenye ping ya 15 na wa Mbagala mwenye ping ya 180 mara nyingi amri zao zinatekelezwa kwenye pigo lilelile. Kwenye magemu ya kukwepa mapigo kwa kidole, yale ya upanga na kuruka, wa Mbagala angekuwa ameshakufa kabla hajaona upanga ukinyanyuliwa. Tofauti inaanza kuonekana tu kwenye mbinu za hali ya juu, kama kuwasha na kuzima maombi ya kinga kila pigo mbele ya mabosi wakubwa, na hayo yatakuhusu baada ya miezi mingi.

Gemu ni la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. RuneScape ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Hii ya Old School ilifunguliwa Februari 22, 2013 kwa kutumia nakala ya gemu ya Agosti 2007, baada ya wachezaji kuipigia kura wakitaka enzi ile irudi. Kwenye simu ilitoka rasmi Oktoba 30, 2018, Android na iPhone, na akaunti ni moja: unayoanza kwenye simu ndiyo utakayoendelea nayo kwenye kompyuta. Mpaka leo mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wanaolipia, na pendekezo lisilofika asilimia 70 haliingii. Kwa anayeanza, faida yake ni kwamba muda unaoweka humu haufutwi kirahisi na mabadiliko ya ghafla.

Kuhusu yale ya Korea, China na Japani

Wengi wanaovutiwa na magemu ya aina hii wamekwishaona video za magemu mazuri sana ya Korea au China, na swali la kwanza ni namna ya kuyaingia. Ugumu wake ujulikane mapema. Magemu ya China yanadai uthibitisho wa jina halisi kwa namba ya kitambulisho cha taifa cha huko, na tangu Septemba 2021 mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku kwa saa za kule, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mengi ya Korea yanataka namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako Korea. Ya Japani mara nyingi hayadai kitambulisho, lakini yanataka akaunti ya duka ya nchi hiyo. Google Play inakuruhusu kubadili nchi mara moja tu kwa mwaka, inadai njia ya malipo ya nchi unayohamia, na salio lako la nchi ya zamani halitumiki kwenye mpya. Apple wanataka kwanza umalize salio lote na ufute usajili wa kila mwezi. Anayebadili nchi ya akaunti yake kuu kwa ajili ya gemu moja anaweza kujikuta mwaka mzima programu za kwao, ya benki kwa mfano, hazisasishiki.

Kisha kuna VPN, programu inayofanya simu ionekane iko nchi nyingine, na hapa sheria zetu zinahusika moja kwa moja. Oktoba 13, 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo kwamba mtu au kampuni inayotumia VPN aisajili, mwisho ukiwa Oktoba 30 mwaka huo. Tangazo lilisimama juu ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, ambazo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Usipuuze hilo kwa sababu ya gemu. Old School RuneScape halihitaji VPN. Linapakuliwa kwenye duka la kawaida la simu yako, akaunti ikiwa ya Tanzania, na linafunguka na laini yoyote. Hata kwa mwenye VPN iliyosajiliwa, ushauri ni kuizima anapocheza: akaunti inayoonekana Dar saa hii na Amsterdam dakika kumi baadaye inafanana na iliyoibwa, nayo inaweza kufungiwa hadi uthibitishe upya.

Kufungua akaunti

Pakua programu ukiwa kwenye Wi-Fi. Si kubwa ukilinganisha na magemu ya kisasa ya picha kali yanayomeza GB kadhaa kabla hujaona chochote, lakini bando la siku lina kazi nyingine. Hakikisha mtengenezaji aliyeandikwa dukani ni Jagex. APK, yaani faili za programu za nje ya duka, zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram zikidai zina sarafu za bure ziache hapohapo, kwani kinachoibwa ni nywila yako.

Ukifungua utaombwa barua pepe, tarehe ya kuzaliwa na nywila, kisha utatumiwa msimbo wa kuthibitisha. Tumia barua pepe unayoimiliki kweli na unayoweza kuirudisha bila kutegemea laini moja ya simu. Laini ikipotea, barua pepe ikapotea nayo, akaunti ya miaka inakwenda na maji. Ukimaliza, washa ulinzi wa hatua mbili kwa programu ya misimbo, na misimbo ya akiba utakayopewa iandike kwenye daftari nyumbani. Simu inaweza kuchomolewa mfukoni Kariakoo. Daftari liko kabatini. Ukishafika benki ya ndani ya gemu, weka pia PIN ya tarakimu nne. Huyo anayeijua nywila yako bado atakwama mlangoni pa benki, na akiomba PIN ifutwe atasubiri siku kadhaa ambazo wewe unaziona.

Jina la mhusika lina nafasi 12 tu. Na kabla hujatoka kisiwa cha mafunzo utapewa nafasi ya kuchagua aina ya akaunti iitwayo Ironman, isiyoruhusiwa kununua wala kuuziana na watu. Ni nzuri kwa mzoefu. Mgeni achague ya kawaida.

Dunia ipi

Gemu limegawanywa kwenye seva nyingi ziitwazo dunia, kila moja ikiwa na namba na bendera ya nchi iliko. Ramani ni ileile na mhusika wako ni yuleyule kwenye zote, unahama wakati wowote. Hii ni tofauti kubwa na magemu mengi ya Asia ambamo seva uliyochagua siku ya kwanza ndiyo kifungo chako milele. Kutoka Dar anza na zenye bendera ya Uingereza au Ujerumani. Za Marekani zinaongeza kuvuka Atlantiki, na za Australia utazihisi hata kwa kutembea tu. Kati ya Uingereza na Ujerumani jaribu zote mbili saa ileile ya usiku, dakika kumi kumi, maana kampuni za simu hazipitishi data zote njia moja: laini hii inaweza kuwa nyepesi kwenda Frankfurt na ile nyepesi kwenda London.

Soma maelezo ya dunia kabla hujaigusa. Zenye nyota ya dhahabu ni za wanaolipia. Baadhi zinadai jumla ya leveli, kuanzia 500 kwenda juu. Na zipo zilizoandikwa PvP, ambamo mchezaji mwenzako anaweza kukuua karibu kila mahali na kuchukua ulivyobeba. Mgeni anayeingia humo kwa bahati mbaya hupoteza kila kitu dakika ya kwanza na kudhani gemu zima ndivyo lilivyo.

Saa za kwanza

Kisiwa cha mafunzo kinachukua kama nusu saa. Fuata mshale wa njano, soma wanachokwambia, usiruke. Kitu kimoja cha kukishika mapema: kugusa mara moja ni kutenda, kugusa na kushikilia ni kufungua orodha ya vitendo vyote vya kitu hicho. Robo tatu ya malalamiko ya "simu hainisikii" yanaisha mtu akijua hilo. Vidole viwili vinakuza na kupunguza picha. Kwenye mipangilio kuna kitufe cha kudondosha vitu kwa mguso mmoja, kizuri sana unapokata magogo, lakini kizime kabla ya kubeba kitu cha thamani.

Ukitoka unatua Lumbridge, mji wenye kasri, ukiwa na shoka la shaba, nyavu ndogo, upanga, upinde wenye mishale 25, ndoo, chungu na vitu vingine vidogo. Begi lina nafasi 28. Usivitupe hivyo vidogo, maana misheni za mwanzo zinavihitaji.

Akaunti mpya isiyolipia ina vizuizi. Mpaka ufikishe pointi 10 za misheni, jumla ya leveli 100 na muda wa kucheza wa karibu siku nzima, huwezi kuuziana na watu kwa uhuru. Kwa hiyo pointi 10 ndilo lengo la kwanza, na zinapatikana kwa misheni sita: X Marks the Spot, Cook's Assistant, Sheep Shearer, Rune Mysteries na The Restless Ghost zinatoa moja moja, na Goblin Diplomacy inatoa tano.

Anza na X Marks the Spot, kwa Veos aliye kwenye baa ya Lumbridge. Ni kuchimba sehemu nne kwa beleshi, na mwisho unamkuta bandarini Port Sarim. Inalipa sarafu 200, na mgeni hana hela. Ukiwa hapohapo Port Sarim ingia duka la vyakula la Wydin ununue redberries tatu, zitakusaidia baadaye.

Cook's Assistant ndiyo inayowakwamisha wengi. Mpishi wa kasri anataka yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga. Maziwa hayatoki kwa kila ng'ombe, lazima awe aliyeandikwa Dairy cow. Unga una utaratibu wake: chuma ngano shambani, panda ngazi za kinu hadi juu kabisa, mimina ngano kwenye mdomo wa kinu, vuta wenzo, kisha shuka hadi chini ukachote unga kwa chungu kitupu. Makosa ni mawili. Wa kwanza anamimina ngano na kusahau wenzo, anashuka anakuta pakavu. Wa pili ameacha chungu benki. Benki ya Lumbridge iko ghorofa ya juu kabisa ya kasri, kwa hiyo ni safari nzima ya kurudi.

Fred wa Sheep Shearer anataka mabunda 20 ya sufi. Mkasi uko nyumbani kwake, chukua bure. Kata sufi 20 kwa mkupuo, zinaenea begini, kisha peleka kwenye gurudumu la kusokotea ndani ya kasri, ghorofa ya kwanza. Kondoo dume mwenye pembe hakatwi sufi. Ukiwa kwa Fred chuma na vitunguu viwili bustanini.

Rune Mysteries na The Restless Ghost zifanywe pamoja kwa sababu zote zinakupeleka mnara wa wachawi kusini ya Draynor. Unapochukua fuvu la The Restless Ghost kule chini ya mnara mifupa yenye leveli 13 inaamka. Usipigane, kimbia, fuvu unalo tayari. Kisha Rune Mysteries inakutuma Varrock, na hapa ndipo wageni wengi hufia: kusini ya Varrock kuna duara la mawe lenye wachawi weusi wa leveli 7 na 20, na njia ya kutokea Draynor inapita kando yao. Adui mkali huacha kukushambulia leveli yako ya mapigano ikizidi mara mbili ya yake, yaani kwa wachawi hao mpaka uwe na 41. Kabla ya hapo tumia uchawi wa bure wa kurudi Lumbridge, unaopatikana kila baada ya dakika 30, kisha panda Varrock kwa njia ya mashariki inayopita kwenye malisho ya ng'ombe.

Kwa Goblin Diplomacy majenerali wawili wa goblin kaskazini ya Falador wanabishana rangi ya nguo. Nguo tatu ziko ndani ya makasha kijijini kwao. Rangi anatengeneza Aggie wa Draynor, kila moja sarafu 5 na malighafi: nyekundu kwa redberries tatu, njano kwa vitunguu viwili, bluu kwa majani mawili ya woad. Majani hayo anayo Wyson, mtunza bustani wa Falador. Mpe sarafu 20 upate mawili. Nyekundu ukiichanganya na njano unapata rangi ya chungwa. Gharama yote ya rangi ni sarafu 35 na matunda yale. Usipake rangi nguo zote, moja inabaki kama ilivyo, na ukikosea itabidi utafute nguo nyingine kwa kuua magoblini.

Baada ya hapo nenda Barbarian Village, shuka kwenye shimo la Stronghold of Security. Milango mingi inakuuliza swali la usalama wa akaunti, na masanduku ya ghorofa tatu za kwanza yanatoa sarafu 2,000, kisha 3,000, kisha 5,000. Ya nne inatoa buti. Sarafu 10,000 kwa mgeni ni mtaji wa kweli. Beba chakula cha kutosha, usisimame kupigana, pita tu.

Mapigano na samaki

Ukipigana angalia umechagua mtindo gani. Kila pigo la alama moja ya madhara linatoa pointi nne za uzoefu kwenye ustadi wa mtindo uliochagua, na watu hukaa siku mbili wakipiga kuku kwa mtindo wa Defensive wakishangaa kwa nini nguvu haipandi. Aggressive inapandisha nguvu, Accurate inapandisha ulengaji. Silaha zinafunguka kwa leveli: chuma cha kawaida mara moja, steel 5, mithril 20, adamant 30, rune 40. Anza kwa kuku, ukusanye na manyoya yao, kisha ng'ombe ng'ambo ya mto.

Manyoya yana kazi. Ukifika leveli 20 ya uvuvi, fimbo ya kuvulia kwa manyoya ipo duka la Gerrant, Port Sarim, na trout wanavuliwa mtoni palepale Barbarian Village; leveli 30 wanakuja salmon. Trout anarudisha uhai 7, salmon 9. Vua, washa moto kando ya mto, pika. Hii ndiyo kazi inayofaa kuliko zote kwa mtu aliye safarini. Kwenye mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni simu inahama mnara hadi mnara na muunganisho unakatika kidogo, samaki hawatakuua. Adui atakuua. Muunganisho ukikatika katikati ya mapigano mhusika wako habebwi na mtandao, anabaki amesimama kwa muda akiendelea kupigwa. Kwenye gari vua, kata miti, yeyusha madini. Mapigano yasubiri mahali penye mawimbi yaliyotulia.

Ukifa nje ya eneo la Wilderness unabaki na vitu vitatu vya thamani kubwa kuliko vyote, vingine vinakaa kwenye kaburi lako kwa dakika 15. Kimbilia. Zikiisha, vinahamia ofisi ya Kifo na utavikomboa kwa ada. Wilderness, kaskazini ukivuka mtaro, ni habari nyingine: aliyekuua anachukua. Mtu akikwambia "nifuate nikupe silaha za bure" na njia inaelekea kaskazini, simama. Anayedai anaongeza hela maradufu ni mwizi vilevile.

Soko kuu liko kaskazini magharibi ya Varrock. Asiyelipia ana nafasi tatu za kuuza au kununua kwa wakati mmoja, anayelipia nane, na tangu Mei 2025 muuzaji anakatwa kodi ya asilimia 2. Bidhaa nyingi zina kikomo cha kununua kila saa nne, kwa hiyo usishangae oda ikisimama katikati.

Bando, chaji na kuganda

Kwa bando gemu hili ni la huruma. Seva inatuma taarifa fupi za nani yuko wapi na amefanya nini, picha zenyewe zimeshakaa kwenye simu. Kinachomaliza bando la wachezaji wengi ni video za mafunzo wanazoangalia pembeni. Pima mwenyewe: andika matumizi ya data ya programu kwenye mipangilio ya simu, cheza saa moja, angalia tena.

Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zina uangalizi mkali wa betri unaoua programu ukihamia kujibu ujumbe. Ingia mipangilio ya betri ya programu hii uondoe kizuizi. Hata hivyo seva yenyewe itakutoa ukikaa kwa muda bila kugusa. Programu za kugusa skrini zenyewe zinafungisha akaunti, na programu za simu zisizo za Jagex vivyo hivyo.

Gemu zima likikataa kufunguka Jumatano mchana, usiilaumu laini. Sasisho la wiki huingia siku hiyo karibu saa tano na nusu asubuhi ya Uingereza, yaani saa nane na nusu mchana kwetu, au saa saba na nusu wao wakiwa wamesogeza saa mbele. Likikataa siku nyingine pamoja na tovuti zote za nje, tatizo linaweza kuwa baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika na nchi nzima ikaburuta intaneti. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha kwenye simu.

Udhaifu wake

Picha ni za 2007 na haziombi radhi. Anayetaka nywele zinazopeperuka ataondoka siku ya kwanza. Maandishi ni madogo kwenye skrini ya simu, na misheni zina maelezo mengi ya Kiingereza. Anayeruka mazungumzo hupotea. Kupanda leveli ni kazi ya subira kweli: leveli 99 ya ustadi mmoja inadai pointi 13,034,431, na leveli 92 ndiyo nusu ya safari. Dunia za bure zina roboti wengi wanaogombea miti na madini, hasa miti ya willow ya Draynor. Ukikuta pamejaa hamia dunia nyingine, ni sekunde chache tu.

Lakini la bure si kionjo. Stadi 15 ziko wazi, misheni zipo hadi Dragon Slayer I ambayo kuianza kunadai pointi 32, na mtu anaweza kucheza miezi bila kutoa shilingi. Kulipia kunafungua sehemu kubwa zaidi ya ramani na stadi zilizobaki. Ni zaidi ya dola 10 za Marekani kwa mwezi, si hela ndogo kwa hapa, kwa hiyo usilipe kabla hujamaliza zile misheni sita na kuona kama bado unataka kurudi kesho.

Ukiamua, lipa ndani ya programu au kwenye tovuti ya Jagex kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile kadi pepe ya huduma za pesa kwa simu. Weka kwenye kadi kiasi cha mwezi mmoja na nyongeza kidogo ya makato ya kubadili fedha. Malipo hujirudia kila mwezi: baada tu ya kulipa kupitia Google Play, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia kwenye malipo na usajili, ughairi. Siku ulizolipia hazipungui. Njia nyingine ni Bond, kitu kinachouzwa sokoni ndani ya gemu kwa mamilioni ya sarafu na kutoa siku 14 za uanachama. Asiyelipia atahangaika sana kuipata mwanzoni, ila anayelipia mwezi mmoja na kujifunza biashara ya soko anaweza kujilipia unaofuata kwa jasho la mhusika wake. Sarafu za kununua kwa watu wa nje kwa M-Pesa ni kinyume cha sheria za gemu, na akaunti inafungwa pamoja na kila kilichomo.